Ukongwe kazini kwa wahudumu wa ndege

Ukongwe kazini kwa wahudumu wa ndege ni utaratibu wa kugawa safari, likizo, vituo vya kazi na kinga dhidi ya kupunguzwa kazini kwa kufuata tarehe ambayo kila mhudumu aliajiriwa na shirika lake. Aliyetangulia kuajiriwa huchagua kwanza, na aliyekuja jana hupokea kilichobaki. Cheo, elimu au maoni ya msimamizi hayabadilishi nafasi ya mtu katika orodha.

Utaratibu huu umekita mizizi zaidi nchini Marekani. Huko mashirika makubwa ya ndege huufuata, hata Delta Air Lines ambayo wahudumu wake hawana chama cha wafanyakazi. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano wa karibu ni foleni ya magari stendini: gari lililofika kwanza hupakia kwanza, hata kama la nyuma yake ni jipya na zuri zaidi. Tofauti ni kwamba foleni ya stendi huisha jioni, lakini ya mhudumu wa ndege hudumu muda wote wa utumishi wake.

Namba ya ukongwe

Mhudumu anapohitimu mafunzo hupewa namba katika orodha ya shirika. Namba 1 ni ya mhudumu aliyekaa kazini muda mrefu kuliko wote. Waliohitimu siku moja hutenganishwa kwa kigezo kisichohusu ubora wa kazi. Baadhi ya mashirika hutazama tarehe ya kuzaliwa, aliye mkubwa kwa umri akatangulia. Mengine hutumia namba tu, kama bahati nasibu. Kwa hiyo watu wawili waliokaa dawati moja darasani wanaweza kupishana kwa nafasi moja hadi siku ya kustaafu, na ikitokea kwamba orodha imekatwa katikati yao, mmoja hubaki kazini na mwingine huenda nyumbani.

Namba hupanda wale wa juu wanapostaafu, kuacha kazi au kufariki. Haipandi kwa bidii wala haishuki kwa uvivu. Mhudumu mvivu anaweza kuadhibiwa au kufukuzwa, lakini maadamu yumo kazini nafasi yake ni ileile.

Namba ya shirika zima si kitu pekee kinachotazamwa. Safari hugawanywa kituo kwa kituo, kwa hiyo linalomgusa mhudumu kila mwezi ni nafasi yake miongoni mwa wenzake wa kituo kimoja. New York, mji wenye maisha ghali, kwa mashirika mengi ni kituo cha vijana, kwa sababu wenye uwezo wa kuchagua huhamia kwingine. Mtu wa katikati ya orodha akikubali kubaki huko hujikuta karibu na kilele. Akihamia mji unaopendwa na wengi hurudi mkiani.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba namba haihamishiki. Mhudumu akitoka shirika moja kwenda jingine huanza upya kama mgeni, na mshahara wake hurudi ngazi ya chini. Mwaka 1991 mashirika mawili makongwe ya Marekani yalifunga kazi: Eastern Air Lines mwezi Januari na Pan American mwezi Desemba. Wahudumu waliokuwa wamefanya kazi miaka ishirini na zaidi, wakiajiriwa kwingine, waliwekwa chini ya vijana wa umri wa watoto wao. Ndiyo maana wahudumu wengi hawabadilishi shirika hata wakichoshwa na mwajiri wao. Utaratibu unaowalinda dhidi ya upendeleo wa msimamizi ndio huohuo unaowafunga kwa mwajiri mmoja.

Ratiba ya mwezi na wahudumu wa akiba

Kila mwezi shirika hutangaza safari za mwezi unaofuata. Zamani ratiba zilibandikwa ukutani, na kila mhudumu aliandika kwenye karatasi ratiba anazozitaka kuanzia anayoipenda zaidi. Siku hizi mhudumu hueleza matakwa yake kwa kompyuta: asifanye kazi Jumapili, asiamke kabla ya alfajiri, alale Honolulu, asipangwe na mtu fulani. Programu huanza na mwenye namba ya juu, humpa anachotaka kadiri kinavyopatikana, kisha humwendea anayefuata. Inapofika chini hakuna cha kuchagua.

Mfano mashuhuri wa faida ya ukongwe ni Bette Nash, aliyeanza kazi Eastern Air Lines mwaka 1957 na kutambuliwa na Guinness World Records kuwa mhudumu wa ndege aliyefanya kazi muda mrefu kuliko wote duniani. Kwa namba yake angeweza kuomba safari yoyote, Paris au London. Alichagua safari fupi za kutoka Washington kwenda Boston na kurudi, ili kila usiku awe nyumbani na mwanawe mwenye ulemavu. Huduma hiyo ya safari fupi iliuzwa na kuunganishwa mara kadhaa, kutoka Eastern hadi hatimaye American Airlines, naye akabaki na ukongwe wake. Alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 88.

Upande wa pili wa orodha wako wahudumu wa akiba. Hawa hawana ratiba ya safari. Wana siku ambazo lazima wawe tayari. Simu ikilia, mhudumu wa akiba anatakiwa kufika uwanjani ndani ya saa chache akiwa na sare na sanduku lake, bila kujua kama atalala Denver au atarudi jioni. Yeye huziba pengo la aliyeugua au aliyecheleweshwa na hali ya hewa. Katika baadhi ya mashirika wadogo wote hukaa akiba mfululizo hadi waajiriwe wengine chini yao. Katika mengine zamu ya akiba huzunguka, mwezi huu huyu, mwezi ujao mwingine, na huwafikia hata watu wenye miaka mingi kazini. Njia ipi ni ya haki zaidi ni mjadala usiokwisha ndani ya vyama vyao.

Wengi wa wahudumu hawa hawaishi kwenye mji wa kituo chao, kwa sababu mshahara wa mwanzo hautoshi kodi ya nyumba huko. Husafiri kwa ndege kwa nafasi za bure kutoka kwao, tena nafasi hizo hupatikana tu abiria wasipojaza viti, na wakifika hulala katika vyumba vya kuchangia karibu na uwanja, vitanda vya ghorofa chumba kizima. Akikosa kiti na kushindwa kufika zamuni, kosa ni lake.

Saa zinazolipwa

Mhudumu wa ndege wa Marekani halipwi kwa mwezi kama karani wa ofisi. Hulipwa kwa saa, na kwa desturi saa huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama langoni mwa uwanja wa kufikia. Muda wa kupokea abiria, kuwasaidia kupanga mizigo na kusubiri ndege iliyochelewa ulikuwa haulipwi kwa kiwango cha saa za kuruka, ingawa ndio muda wenye fujo nyingi kuliko hata angani. Ipo posho ndogo ya saa kwa muda wote anaokuwa mbali na kituo, na ipo idadi ya chini ya saa ambazo shirika huahidi kumlipa kila mwezi hata kama hakuruka.

Hapa ukongwe hufanya kazi mara mbili. Kwanza, malipo ya saa hupanda kila mwaka wa utumishi, kwa kawaida hadi mwaka wa 12 au 13. Pili, mwenye namba ya juu huchagua safari ndefu. Safari moja ya kuvuka bahari humpa saa nyingi za kulipwa kwa kupokea abiria mara moja tu kila upande, kwa hiyo safari chache humaliza mwezi wake. Kijana hupewa siku ya safari fupi nne au tano. Kila safari ina kupokea abiria na kusubiri kwake, hivyo anaweza kuwa kazini saa kumi na mbili na kulipwa saa sita. Mwenye kiwango kidogo cha mshahara ndiye pia mwenye saa nyingi zisizolipwa.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Delta ilianza kulipa sehemu ya muda wa kupokea abiria mwaka 2022, kwa kiwango cha nusu, na mkataba wa wahudumu wa American Airlines wa mwaka 2024 uliingiza malipo ya namna hiyo. Nchini Kanada wahudumu wa Air Canada walifanya mgomo mwezi Agosti 2025, na kazi isiyolipwa ardhini ilikuwa dai lao kuu.

Historia

Mwanamke wa kwanza kuhudumu ndani ya ndege ya abiria ni Ellen Church, muuguzi, aliyeruka tarehe 15 Mei 1930 na shirika la Boeing Air Transport, mzazi wa United Airlines ya leo. Wenzake wa mwanzo nao walikuwa wauguzi, wasichana wasioolewa. Kwa miongo mingi kazi hii haikutarajiwa kuwa ya kudumu: shirika lilitaka msichana afanye kazi miaka michache, aolewe, aondoke. Mwaka 1953 American Airlines iliweka sharti kwamba waajiriwa wapya waache kuruka wakifikisha miaka 32. Katika mazingira hayo ukongwe haukuwa na maana kubwa, kwa kuwa hakuna aliyeachwa azeeke kazini.

Chama cha kwanza cha wahudumu wa kike kilianzishwa mwaka 1945 na Ada Brown, mhudumu wa United, na mkataba wa kwanza ukapatikana mwaka 1946. Sheria iliyowaongoza ilikuwa ile ya kazi za reli ya mwaka 1926, iliyoongezwa kuhusu mashirika ya ndege mwaka 1936. Reli ndiko utaratibu wa ukongwe ulikokuwa umekomaa. Madereva na makondakta wa treni walikuwa wakichagua safari kwa tarehe za kuajiriwa kabla ndege ya abiria haijazaliwa. Chini ya sheria hiyo mkataba wa hali bora za kazi hauishi muda wake. Hufika tarehe ya kuruhusiwa kurekebishwa, na masharti ya zamani huendelea hadi mapya yakubaliwe, hata ikipita miaka. Wafanyakazi hawawezi kugoma juu ya mkataba huo mpaka bodi ya taifa ya usuluhishi itangaze kwamba mazungumzo yameshindikana na siku 30 za kutulia zipite.

Walioachishwa kwa kuolewa

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika ajira, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 masharti ya kutoolewa yalikuwa yamevunjwa mahakamani. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: je, aliyefukuzwa kwa sharti batili akirudi, ukongwe wake uhesabiwe tangu lini?

Katika kesi ya United Air Lines dhidi ya Evans, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani mwaka 1977, mhudumu aliyelazimishwa kuacha kazi mwaka 1968 kwa sababu aliolewa alikuwa ameajiriwa tena mwaka 1972, akahesabiwa kama mgeni. Hakuwa amelalamika ndani ya muda wa kisheria mwaka ule wa 1968. Mahakama iliona kwamba mfumo wa ukongwe wenyewe haukuwa wa kibaguzi, ingawa uliendeleza athari za kosa la zamani, na akashindwa. Miaka yake ya kabla ya ndoa ilipotea moja kwa moja.

Mwaka 1982, katika kesi ya Zipes dhidi ya Trans World Airlines, mambo yalikwenda kwingine. TWA ilikuwa ikiwaachisha wahudumu wa kike waliopata watoto, huku wanaume waliokuwa baba wakiendelea kuruka. Mahakama ilikubali kwamba wanawake hao warudishiwe ukongwe wa tangu mwanzo. Chama cha wafanyakazi kilipinga, na sababu yake inaeleweka: kila aliyerudishwa juu ya orodha aliwasukuma chini wenzake ambao hawakumkosea mtu. Katika orodha ya ukongwe hakuna nafasi inayotolewa bure.

Mgomo wa TWA wa 1986

Mwezi Machi 1986 wahudumu wa TWA waligoma kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Shirika liliendelea kuruka kwa kuajiri wapya na kuwatumia takribani wahudumu 1,280 ambao hawakugoma au waliovunja mgomo wakarudi. Baada ya siku 72 chama kilitangaza kwamba watu wake wako tayari kurudi bila masharti. Nafasi zilizokuwa wazi zilitosha watu 197 tu, nao walichukuliwa kwa ukongwe.

Chama hakikubaliani na hilo. Kilidai kwamba waliovunja mgomo, wengi wao wakiwa wadogo kwenye orodha, wawapishe wakongwe waliovumilia hadi mwisho. Mwaka 1989 mahakama ya juu iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba mwajiri halazimiki kuwatoa. Ukongwe wa wagomaji haukufutwa; waliporudishwa baadaye, nafasi zilipopatikana, walirudi na namba zao. Lakini namba ya juu haikumtoa mtu aliyekwisha kukalia kiti. Tangu hapo kila chama cha wahudumu kinachofikiria mgomo hujua kwamba mwanachama mdogo ana sababu ya kurudi mapema, na mkongwe ana la kuogopa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya chama cha AFA, katika mgogoro wake na Alaska Airlines mwaka 1993, kitumie migomo ya kushtukiza ya safari mojamoja badala ya kuwatoa watu wote kwa pamoja.

Mashirika yanapoungana

Hakuna linalowagawa wahudumu kama kuunganisha orodha mbili. Njia inayoonekana rahisi ni kuchanganya kwa tarehe za kuajiriwa, na ndiyo sera ya AFA. Lakini ikiwa shirika moja lina watu wengi wa zamani na jingine limekua juzi, wa pili hujikuta wote chini.

American Airlines ilipoinunua TWA mwaka 2001, wahudumu waliotoka TWA waliwekwa mkiani mwa orodha, chini ya mhudumu wa mwisho wa American. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba mwaka huohuo usafiri ulianguka, na watu wakaanza kupunguzwa kuanzia chini. Kufikia mwaka 2003 wote waliotoka TWA walikuwa nje ya kazi, wakiwemo wenye miaka zaidi ya thelathini angani, huku vijana wa American wakibaki. Wengi wao waliishi jimbo la Missouri, na maseneta wawili wa jimbo hilo, Claire McCaskill na Kit Bond, walisukuma sheria iliyopitishwa mwaka 2007. Inataka orodha ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na pande mbili zikishindwa kuelewana, mwamuzi asiye na upande aamue. Pande zote zikiwa na chama kimoja, kanuni za chama hicho ndizo hutumika.

Hata hivyo sheria haiharakishi mambo. United na Continental ziliungana mwaka 2010, lakini wahudumu wao walipata mkataba mmoja mwaka 2016, na hadi mwaka 2018 waliotoka pande hizo mbili hawakuwa wakipangwa pamoja katika ndege moja, ingawa walivaa sare moja.

Mipaka inayowekwa na serikali

Ukongwe huamua nani anafanya safari ipi. Usalama huamua safari inaweza kuwa ndefu kiasi gani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vya abiria au sehemu yake. Zamu ya kawaida isipangwe kuzidi saa 14, na inaweza kuongezwa wahudumu wakizidishwa. Kwa miaka mingi mapumziko kati ya zamu yalikuwa saa 9, nayo yaliweza kupunguzwa hadi 8, ukihesabu humo safari ya kwenda hotelini, kula na kuoga. Bunge liliagiza saa 10 mwaka 2018, na kanuni ikatoka mwaka 2022. Haki hii ni ya wote, namba 1 na namba ya mwisho.

Sehemu nyingine za dunia

Ulaya ukongwe upo lakini huchanganywa na mambo mengine, na sheria ya Umoja wa Ulaya hutilia mkazo jumla ya saa: zisizidi 100 katika siku 28 wala 900 katika mwaka wa kalenda. British Airways ilianzisha mwaka 2010 kikosi kipya cha wahudumu wenye mishahara ya chini, katikati ya mgogoro mrefu na chama chao, hivyo watu wenye sare moja wakawa na masharti mawili.

Katika nchi za Ghuba, ambako vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wameajiriwa kama wahudumu, hali ni tofauti kabisa. Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi, na hakuna mkataba wa pamoja unaomlinda mhudumu kwa tarehe yake ya kuajiriwa. Kupanda daraja hutegemea pia tathmini ya wakubwa.

Afrika Mashariki ukongwe unatajwa katika sheria za kazi za jumla. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri anayepunguza watu azingatie muda wa utumishi pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kwa hiyo ukongwe ni kigezo kimoja kati ya vinne, wala haumpi mkongwe haki ya moja kwa moja. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 ya ajira na mahusiano kazini inamtaka mwajiri ashauriane na chama au wafanyakazi kuhusu namna ya kuwachagua watakaopunguzwa, bila kutaja katika kifungu hicho kwamba wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka.